SIKU YETU YA FORODHANI



Kitabu hiki kina kurasa nyingi za mahesabu. Humo mtaona hisa zilivyopanda, mikopo ilivyorudi, na faini za wachelewaji ambao wenyewe wanajijua. Sisi tulipewa kazi ya kuandika ukurasa wa historia. Tulipowauliza wanachama kikaoni tuandike nini, tulitegemea waseme habari za kuanzishwa kwa kikundi au za mkopo wa kwanza. Wapi! Wengi walijibu kwa pamoja: "Andikeni ile siku ya Forodhani." Basi tunaandika, na tutaeleza yote, matamu na machungu, maana siku ile ilibakia kidogo tu ituvunje.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilianza mwaka 2015, wakati Kibamba ikiwa bado chini ya Kinondoni. Ilikuwa mwaka 2016 ndipo tulipoingia Manispaa ya Ubungo. Tulikuwa wanawake thelathini chini ya mwembe, na kasha la bati lenye kufuli tatu. Funguo walishika wanawake watatu wa nyumba tatu tofauti, ili asiwepo mtu wa kufungua kasha peke yake. Kila kikao tulinunua hisa, tukachangia mfuko wa jamii kwa ajili ya wagonjwa na misiba, na aliyetaka mkopo alisimama akaeleza mbele ya wote ni wa kazi gani.

Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza vikundi vya namna hii na wanawake wa Maradi, nchini Niger. Waliweka akiba yao wenyewe na kukopeshana wenyewe, pasipo kungoja fedha ya mfadhili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 utaratibu ukafika Unguja, kwa wanavijiji wanaozunguka msitu wa Jozani, na miaka hiyo hiyo ukaenea huku Bara kwa jina la VICOBA. Kwa hiyo tuliposafiri kwenda Unguja, kwa namna fulani tulikuwa tunaenda kuwasalimu wakubwa zetu wa kazi hii, ingawa siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyelijua hilo.

MFUKO WA MATEMBEZI

Jambo lilianza kama mzaha. Mwishoni mwa mwaka 2015, baada ya kikao, mwenzetu mmoja anayeuza mboga alisema ana miaka kumi na tisa Dar es Salaam na hajawahi kukanyaga maji ya bahari. "Nafika Feri alfajiri kuchukua dagaa," alisema, "bahari naiona pale, nageuza, narudi." Tukacheka sana. Kisha mwenyekiti akauliza, nani mwingine? Mikono ikaanza kunyanyuka mmoja mmoja, ikafika kumi na moja. Kicheko kikakatika.

Kutoka Kibamba hadi baharini ni karibu kilomita 25. Umbali huo haustahili kumshinda mtu kwa miaka kumi na tisa. Lakini kila mmoja wetu aliijua sababu. Ukipata siku unafua, unakwenda kwenye msiba, unawahi sokoni, na nauli ukiipata ina kazi nyingine. Matembezi ni ya watu wenye nafasi, ndivyo tulivyojiambia.

Siku ile tulikubaliana kila mwanachama aweke shilingi 1,000 kila wiki kwenye mfuko wa tatu, tukauita Mfuko wa Matembezi. Tuliandika kwenye daftari kwamba fedha hizi hazikopeshwi wala hazihamishwi. Tulianza Januari 2016.

Swali likawa twende wapi. Wapo waliotaka Coco Beach, wapo waliotaka Kunduchi, na kundi kubwa lilitaka Bagamoyo. Ndipo Bibi yetu, mwanachama mkubwa kuliko wote kwa umri, akaomba nafasi. Yeye alizaliwa Ng'ambo, Unguja, mwaka 1946, akaolewa, akaletwa Dar es Salaam mwaka 1969. Kwao hakuwa amekwenda tangu alipomzika dada yake, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Hakusema mengi. Alisema, "Wanangu, kama ni kutembea, nipelekeni Forodhani nikakae tena pale ukutani kabla sijafa." Nani angepiga kura ya kumkatalia?

MWAKA WA BOMOABOMOA

Halafu ukaja mwaka 2017. Hakuna mtu wa Kibamba anayehitaji kukumbushwa. Zile alama nyekundu za X kwenye kuta, kisha matingatinga, kuanzia Kimara hadi Kiluvya. Nyumba na fremu zilizohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro zililala chini. Leo barabara pana ya njia nane inapita pale, na magari yanakwenda vizuri. Lakini wenzetu saba waliguswa. Wanne walipoteza fremu za biashara na watatu nyumba walizokuwa wakilala.

Mfuko wa jamii ulifanya kazi yake, kila mmoja akapewa alichostahili kwa mujibu wa katiba yetu. Lakini ulikuwa mdogo kuliko shida. Hapo macho yote yakageukia Mfuko wa Matembezi, ambao ulikuwa umenona. Kikao cha mwezi wa kumi kilikuwa kirefu kuliko vyote vya miaka hii kumi. Mmoja wetu alisema waziwazi kwamba ni aibu wanawake kwenda kula pweza Unguja wakati mwenzao analala kwa shemeji. Mwingine akajibu kwamba daftari limeandikwa na likivunjwa leo kwa jema, kesho litavunjwa kwa baya. Sauti zikapanda. Watoto waliokuwa wakicheza karibu wakaacha kucheza wakatutazama.

Aliyetuliza alikuwa mmoja wa wale saba, mama wa chipsi, ambaye fremu yake ilibaki kifusi. Alisema hivi, na katibu aliyaandika: "Mkinigawia hizo hela nitanunua bati tatu. Kesho nitakuwa na bati tatu na huzuni yangu pale pale. Mimi nataka kwenda. Mwaka huu wote nimetazama kifusi, nataka nikatazame kitu kingine."

Tulipiga kura. Kumi na tisa walitaka safari, sita walitaka fedha zigawanywe kwa wale saba, watano hawakunyoosha mkono. Tukakubaliana pia kwamba kila aliyeguswa asamehewe riba ya mkopo wake kwa miezi sita. Hata hivyo mwenzetu mmoja, ambaye nyumba yake ilianguka, hakuridhika. Alichukua hisa zake akatoka, na hajarudi mpaka leo. Tunasalimiana njiani, mambo mengine hatugusi. Tukisema tulikosea kwenda, tutadanganya. Tukisema yeye alikosea kuumia, tutadanganya pia. Tulichokosea ni kwamba hakuna aliyekwenda kukaa naye kabla ya kura. Tunaliandika hili ili wanaokuja nyuma yetu wajue kwamba kura pekee haitoshi.

SAFARI YENYEWE

Tuliondoka Jumamosi moja ya mwisho wa Januari 2018, wanawake ishirini na wawili. Wengine walizuiwa na kazi, wengine na waume, na mmoja na uchungu wa binti yake aliyejifungua usiku ule ule. Tulikodi Coaster, ikatuchukua saa kumi alfajiri. Sare tulishona vitenge vya njano, maana fundi alikuwa na jora moja tu la kutosha watu wote.

Joto la kaskazi lilikuwa limeiva. Saa moja asubuhi tulikuwa ndani ya boti, bandarini Dar es Salaam, tukiyaona makanisa mawili ya ufukweni yaliyojengwa zama za Wajerumani yakibaki nyuma. Wale kumi na mmoja wasiojua bahari walikaa kimya kama wako mtihanini. Boti ilipotoka kwenye mlango wa bandari ikaanza kupanda na kushuka, mifuko ya plastiki ikaanza kuhitajika, na mweka hazina wetu, ambaye Kibamba nzima inamwogopa, akashika mkono wa mwanamke aliyekaa jirani yake, asiyemjua kabisa, akaung'ang'ania mpaka Malindi.

Kwa upande wa Unguja unaanza kuuona mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe, uliojengwa mwaka 1904. Hapo Bibi akatuambia tunyamaze. Maji yale ya karibu na Chumbe ndipo ilipozama MV Skagit tarehe 18 Julai 2012, ikitokea Dar es Salaam, kabla mwaka haujatimia tangu MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba. Watu wengi walipotea, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Waislamu wakasoma Fatiha, Wakristo wakainamisha vichwa. Injini tu ndiyo iliyosikika.

FORODHANI NI MAHALI GANI

Tulishuka Malindi tukatembea kwa miguu kufuata bahari. Tukapita kwenye mti mkubwa ambao Bibi aliuita "Mtini", tukapita kasri la wafalme, tukapita Beit al-Ajaib, na hapo ng'ambo ya barabara ikawa bustani. Bibi alikuwa ametangulia. Mwanamke ambaye Kibamba hutembea na mkongojo alikuwa mbele yetu wote.

Jina lenyewe linaeleza. Forodha ni mahali pa kutozea ushuru. Kabla ya kuwa bustani, hapa palikuwa uwanja wa mizigo ya Sultani. Palishuka nguo kutoka nje, palipanda karafuu na pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka Bara, na katika miaka ya mwanzo watu waliotekwa nao walitozwa ushuru kama mizigo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, enzi ya Sultani Barghash. Barghash huyo huyo ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Pembeni yake iko Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Na tarehe 27 Agosti 1896 meli za Kiingereza zilisimama mbele ya ufukwe huu zikapiga kasri kwa mizinga. Vita vile havikutimiza hata saa moja, na vinatajwa kuwa vifupi kuliko vyote duniani.

Miaka ya 1920 shughuli za meli zilihamia bandari mpya ya Malindi, uwanja ukabaki wazi. Mwaka 1936 Sultani Khalifa bin Harub, aliyeshika kiti mwaka 1911, aliadhimisha miaka 25 ya utawala wake, na uwanja ule ukafunguliwa kuwa bustani ya kumbukumbu hiyo. Ikapandwa miti, ikawekwa kibanda cha kupigia bendi.

Bustani hii ndiyo aliyoijua Bibi. Alituonyesha alipokuwa anakaa na mama yake miaka ya 1950, wametoka Ng'ambo kwa miguu jioni, mama kavaa buibui, watoto wameshikana mikono. Wakati ule mji ulikuwa na mipaka yake. Wakubwa walikaa upande wa mawe, wachukuzi, wapishi na mafundi walikaa Ng'ambo, na kati yao palikuwa na hori la maji. Lakini jioni wote walikuja hapa kupunga upepo. Mwaka 1956, kwa ajili ya ziara ya Princess Margaret wa Uingereza, lilijengwa lile tao jeupe lililo karibu na maji. Bibi alikuwa na miaka kumi, na anachokumbuka ni harufu ya chokaa mbichi.

"Hatukuwa na pesa hata ya karanga," alituambia. "Tukililia vitu, mama akisema: tazameni bahari, bahari haina kiingilio. Tukatazama. Bendi ikipiga, nasi tukisikia bure kama watu wengine."

Yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, ukaja Muungano tarehe 26 Aprili mwaka ule ule. Wafalme wakaondoka, bustani ikabaki. Kadiri miaka ilivyokwenda, wapishi wa jioni ndio waliokuwa roho ya mahali pale. Bustani ikachakaa, hadi mwaka 2008 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulipoanza kuikarabati. Ukuta wa bahari uliimarishwa, zikawekwa taa, njia na mahali pa watoto kuchezea, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Mji Mkongwe wenyewe ulikuwa umeingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000.

JIONI ILE

Mchana tulikaa vivulini tukala wali tuliobeba kutoka nyumbani. Vijana wa pale walikuwa wakikimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, wenyewe wanaita makachu, kila mmoja na mtindo wake. Mama wa chipsi aliwashangilia mpaka sauti ikakauka. Hatukuwahi kumsikia akipiga kelele ya furaha tangu matingatinga yapite.

Alasiri tukaomba mtu atupige picha ya pamoja, nyuma yetu Beit al-Ajaib na mnara wake wa saa. Picha hiyo ndiyo mtakayoiona katikati ya kitabu hiki. Mwenzetu muuza mboga ndiye yule asiye na viatu. Alivivua tulipopita kwenye mchanga akaingia majini na kitenge chake hadi magotini, akasimama tu. Tulipomwita alisema, "Niacheni kidogo." Tulimwacha.

Jua lilipozama wapishi wakawasha taa zao. Kulikuwa na mishkaki, pweza, mihogo, urojo, na miwa ikisagwa pamoja na ndimu na tangawizi. Kijana mmoja mwenye kofia nyeupe alitutajia bei, tukatazamana. Bibi akasogea mbele. "We mwanangu, sisi si wageni hapa. Mimi mtoto wa Ng'ambo, nimekuja hapa babu yako hajaoa. Hebu sema tena." Kijana akacheka, akamwamkia shikamoo, akasema tena, na bei ikawa bei ya watu.

Sasa oneni tabia ya wanawake wa VICOBA. Tulikwenda kustarehe, lakini baada ya nusu saa kumi kati yetu walikuwa wamezunguka meza za wapishi wakiuliza: mkaa unatumia kiasi gani, barafu unapata wapi, urojo unaufanyaje usigande, kilichobaki usiku unakipeleka wapi. Katibu akatoa kalamu. Yule kijana alidhani ametembelewa na bwana afya.

Tulikaa mpaka saa nne usiku. Bibi alikaa ukutani, pale pale, mgongo kwa watu na uso kwa bahari. Hatukuenda kumsumbua. Usiku tulilala kwa ndugu zake huko Ng'ambo, mikeka sebuleni, wanawake ishirini na wawili kama dagaa kwenye kopo, tukicheka hadi mwenye nyumba akatugongea ukuta. Jumapili tukarudi.

TULICHORUDI NACHO

Mtu wa mahesabu atauliza faida iko wapi. Tunaijibu kwa daftari. Mwezi wa tatu mwaka 2018 wenzetu watatu walichukua mkopo kwa pamoja wakaanza kuuza urojo na juisi ya miwa jioni hapa Kibamba. Mmoja wao ni mama wa chipsi. Mkopo ulirudi kabla ya muda, na meza ile ipo mpaka leo. Wengi wenu mmekula pale, na wengine bado mnadaiwa.

Faida nyingine haina daftari. Kabla ya safari tulijuana kwa madeni. Unamwona mwenzio, la kwanza kukumbuka ni marejesho yake. Baada ya kulala mkeka mmoja na kutapikiana kwenye boti, mambo yalibadilika. Iliposimama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na vikundi vikatakiwa kujisajili upya, vikundi tunavyovijua hapa jirani vilisambaratika kwa kutoaminiana. Sisi tulikusanya karatasi zetu tukaenda.

Lakini wakati haumngoji mtu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib ilianguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili walifariki. Tulipoiona habari ile kwenye televisheni tulikimbilia ile picha yetu. Sisi tumesimama tunacheka, na nyuma yetu saa bado iko juu. Na mwaka 2021 Bibi yetu alifariki dunia hapa hapa Kibamba. Tulimzika kwa mfuko wa jamii, nasi tulivaa vile vitenge vya njano. Shughuli ilipokwisha, binti yake alituambia kwamba tangu arudi Forodhani mama yake hakuacha kuisimulia siku ile, na kwamba alikuwa akisema deni lake na kwao limelipwa.

Ndiyo maana, ndugu wanachama, Mfuko wa Matembezi upo mpaka leo, na shilingi 1,000 imekuwa 2,000. Wapo wanachama wapya wanaouliza kikaoni kwa nini tunaweka fedha za kutembea wakati kuna ada na bati za kununua. Swali lao ni zuri, tuliwahi kuulizana sisi wenyewe hadi tukakosana. Jibu letu ni kwamba ada na bati zina mifuko yake, na tuzidi kuijaza. Lakini mwanamke anayeweka akiba miaka kumi bila siku moja ya kukaa ukutani akatazama maji, huyo anaitunzia nani?

Mwaka huu wa kumi tumepanga kwenda tena. Kabla ya kupiga kura ya tarehe, tumekubaliana watu wawili wakamtembelee yule mwenzetu aliyetoka mwaka 2017, wakae naye, wamwambie nafasi yake kwenye boti ipo. Akija, tutafurahi sana. Asipokuja, angalau safari hii atakuwa ameulizwa.

Akiba haiozi, na siku njema nayo haiozi. Mungu azidi kutupa uhai, tukutane bandarini.